Mbona Huko Hakuchi

Gramafoni aliileta Bwana Remtula wa Upanga,
mkanda umelegea, mota inakoroma kama paka mwenye mafua.
Risiti namba mia nne na kumi na saba. Amana, elfu kumi.
"Nitapita Ijumaa," akasema.
Ijumaa zimepita, yeye hakupita.

Juu ya sahani yake alisahau santuri.
Jalada lilikuwa na picha ya kichaka na ziwa,
maandishi ya Kifaransa, na doa la chai.
Shukuru, mwanagenzi wangu, akasoma herufi kwa herufi,
akaambulia neno moja: baleti.
Ni ngoma, nikamwambia, ya watu wanaosimama kwa ncha za vidole.
"Wako wapi?"
Hawamo. Humo mna muziki tu.
Ngoma isiyo na ngoma, Shukuru. Miguu jitafutie.

Nilikusudia kupima mwendo, basi,
mizunguko thelathini na mitatu na theluthi,
asubuhi, Mtaa wa Mchikichi haujafungua mageti.
Ikaanza chini, chini kabisa,
filimbi zikigombea tone moja.
Mimi sauti hiyo naijua.
Ni saa tisa usiku kwetu Tandika,
maji ya DAWASA yanarudi baada ya siku nne:
bomba linakohoa, linatema hewa, linanong'ona,
halafu ndoo ya kwanza, halafu ya jirani,
halafu ua mzima unatiririka gizani
na hakuna anayewasha taa,
kila mtu anaogopa kuyashtua.

Fidla zikafuata, nyingi, hazina haraka.
Kisha watu, sijui sitini, sijui mia,
wakaimba "aaa" bila neno hata moja.
Mwajabu wa vitenge akasimama mlangoni, funguo mkononi.
"Hao wanasema nini?"
Hawasemi.
"Basi wameona kitu."

Jua lilikuwa linakuja. Hata asiyejua Kifaransa alijua.
Likapanda kwenye fidla, likapanda kwenye matarumbeta,
likafika ukingoni,
tak.
Mkwaruzo.
Sindano ikaruka nyuma, alfajiri ikaanza upya,
ikapanda, tak, ikarudi,
ikapanda, tak.
"Mbona huko hakuchi?" akauliza Mwajabu,
akaenda kufungua duka lake kwa hasira kidogo.

Dawa ya mkwaruzo, kwa sisi mafundi wa zamani, ni sarafu.
Nikaibandika shilingi mia juu ya kichwa cha sindano
kipate uzito, kisirukeruke.
Kesho yake ikavuka.
Spika zangu za inchi kumi na mbili,
zilizozoea kutangaza sumu ya panya, kunguni na mende,
zikatoa jua.
Bisibisi zikacheza ndani ya kopo.
Mwajabu akavua ndara, moja tu,
akakanyaga sakafu kwa vidole,
akakumbuka yuko wapi, akaivaa.

Miezi saba ikawa ndiyo saa yetu.
Kukishakucha kwa Wafaransa, ndipo tunafungua.

Jana kaja binti wa Remtula na ile risiti,
imekunjwa mara nne.
Sikumuuliza. Risiti ya baba mkononi mwa mwana inajieleza.
Nikamwekea asikie kazi ilivyo.
"Hiyo sarafu ya nini?"
Ya kuvusha mkwaruzo, dada.
Akanyamaza, akatazama sahani ikizunguka.
"Pale ndipo baba alikuwa anainuka kitini.
Anasukuma kwa kidole, hivi,
halafu anapiga kelele hadi jikoni: kumekucha, amkeni!
Sisi tumeshaamka zamani, tunakunywa chai."

Nikaitoa sarafu.
Tukasikiliza: mimi, yeye, Shukuru na ufagio wake,
Mwajabu kizingitini.
Ikapanda, tak, ikarudi,
ikapanda, tak,
na hakuna aliyeinua kidole.